Zamu ya Kumwambia Mama

"Mdogo amekula, amelala. Akiamka atadai kijiko chake, kipo juu ya friji. Mkubwa amemaliza kusoma, hesabu bado. Maharage yameiva, hayajaungwa. Bomba la bafuni limeanza tena kudondosha, nimeweka ndoo. Na mama ameuliza tena ataondoka na mtoto siku gani, hilo nimelianza, wewe utalimalizia. Basi."

"Nimepokea," alisema Mama Wakili.

Alikuwa bado na mkoba begani na kiatu kimoja mguuni. Mumewe alikwishampita mlangoni, akashuka ngazi mbilimbili, na sasa alikuwa anatembea barabarani kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na mbwa lakini hataki watu wajue. Hapo ndipo yale maneno ya mwisho yalipomfika kichwani.

"Wewe! Rudi hapa! Lipi hilo nilimalizie?"

Baba Wakili alipunga mkono bila kugeuka, kama mtu anayejibu salamu, akakata kona.

Hii tabia ya kukabidhiana mlangoni waliitoa kazini. Baba Wakili alikuwa mwendesha mitambo kwenye kituo cha kusafisha maji, mahali ambapo mtu haachi chumba cha pampu hadi mwenzake ameingia, amesikia hali ya kila pampu na amekubali kwa mdomo wake. Mama Wakili alikuwa fundi wa maabara hospitalini, na damu ya mgonjwa iliyo kwenye mashine haijali kwamba zamu yako imekwisha. Lazima mtu aipokee. Kwa hiyo walipopata mtoto wa pili, na maisha yakawa mmoja anaingia mwingine anatoka, hawakukaa kikao kupanga lolote. Siku moja tu Baba Wakili, kwa mazoea na usingizi, alisimama mlangoni akamkabidhi mkewe nyumba kama vile anamkabidhi kituo. Mkewe, kwa mazoea na usingizi vilevile, akajibu, "Nimepokea." Ikawa ndiyo hiyo.

Na ilifanya kazi. Majirani waliwacheka, lakini majirani haohao walikuwa wanagombana kila jioni kuhusu nani alitakiwa kununua gesi. Katika nyumba hii hakuna aliyegombania gesi. Kanuni zilikuwa chache na ngumu. Unasema ukiwa umesimama. Unasema hali, husemi lawama. Ulichokianza kikakushinda kwa muda, anayeingia anakimalizia. Na ukishasema umepokea, ni chako, asije mtu hapa na habari za "mimi nilidhani."

Kanuni ya kumaliziana kazi ndiyo Baba Wakili aliyojificha nyuma yake siku ile, mzimamzima, na urefu wake wote.

Mama yake alikuwa amefika Jumatano na begi kubwa lililokuwa nusu tupu, na ile nusu tupu ndiyo iliyomtia Mama Wakili wasiwasi tangu mwanzo. Bibi alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, mpaka macho yalipomlazimisha kustaafu, na hata sasa kila alichokiona alikipima kama nguo: hapa panabana, hapa panapwaya. Siku ya kwanza alikaa kwenye kochi na kikombe chake cha chai, akashuhudia makabidhiano mlangoni kuanzia mwanzo mpaka "nimepokea." Chai ikapoa mkononi.

"Heee!" alisema. "Watoto wanalelewa kwa zamu kama wagonjwa!"

Chai ya pili haijaisha alikuwa ameshaamua. Kijiko, yule mdogo wa miaka mitatu ambaye haendi popote bila kijiko mkononi, angeondoka naye akakae kwake. "Mpaka mambo yenu yatulie," alisema.

Na mambo ya mke na mume wenye kazi na watoto wawili hutulia lini? Mama Wakili aliiona miaka inapita mbele yake: Kijiko anaanza shule kwa bibi, Kijiko anang'oka meno ya utoto kwa bibi, Kijiko anakuja kutembea kwao siku moja na kuuliza choo kiko wapi.

Asingemtoa. Hilo halikuwa na mjadala. Swali lilikuwa nani aseme.

Kwa miaka yote ya ndoa, neno "hapana" kwenye ukoo wa mumewe lilikuwa na mdomo mmoja, nao ni wake. Shemeji yake alipotaka kuleta pikipiki mbovu ikae barazani mpaka apate vipuri, nani alisema hapana? Shangazi alipotaka sebule yao iwe ukumbi wa vikao vya harusi ya mtu ambaye hata hawamfahamu, nani? Mumewe alikuwa akisimama nyuma yake na uso wa huruma, kama vile na yeye amekatazwa. Matokeo yake ukoo mzima ulimjua mwanaume huyu kuwa ni mpole, asali, mtoto wa mama. Mke walimwita Madamu Hapana. Jina hilo lilikuwa limemfikia. Halikumuuma sana, maana lilimpunguzia wageni.

Lakini hili halikuwa la pikipiki. Mkwe akimwambia mama mkwe "humchukui," amemnyima mjukuu, na vita hiyo wataipigana mpaka Kijiko aolewe. Mtoto wa kumzaa akisema neno hilohilo, hayo ni mazungumzo ya mtu na mama yake: atanuna, atakunywa chai, yataisha. Mama Wakili alikuwa amepiga hesabu hizo akiwa bado anavua kiatu cha pili.

Akaingia sebuleni.

"Mwanangu, karibu, pole na kazi," alisema Bibi. "Hivi, kile kisweta chake cha kijani kiko wapi? Kwangu asubuhi kuna baridi."

Mama Wakili aliung'ata ulimi mpaka ukauma.

"Kimefuliwa, mama."

"Kikikauka unipe."

*

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu yake yeye kutoka. Baba Wakili alisimama mlangoni na nywele zimelala upande mmoja, alama ya mto shavuni. Bibi alikuwa bafuni, kwa hiyo makabidhiano yalifanyika kwa kunong'ona.

"Kijiko ameamka, uji upo kwenye chupa. Wakili nampitisha shule mimi. Ndoo ya bafuni imejaa, imwage. Na lile la mama nakurudishia."

"Halirudi. Ulipokea."

"Nilipokea maharage!"

"Ulipokea kwa jumla."

"Baba Wakili, usinichezee asubuhi hii. Ulisema umelianza. Ulilianza vipi? Ulimwambia nini?"

Akajikuna kidevu. "Nilimwambia tutaangalia."

"Tutaangalia nini?"

"Tutaangalia tu. Mambo kwa ujumla."

"Huko ni kulianza? Huko ni kulipaka mafuta!"

Binti yao mkubwa alikuwa amesimama kati yao na begi la shule mgongoni. Alikuwa na miaka minane, na jina la Wakili alipewa kabla hajaota magego.

"Mama, lakini kwa kanuni, kama mtu ameshasema amepokea..."

"Wewe wakili wa nani leo?"

"Wa kanuni."

"Vaa soksi." Akamgeukia mumewe, akamnyooshea kidole kifuani. "Leo. Kabla sijarudi. Ni mama yako na ni mdomo wako. Hili halipokeleki, hata ukinikuta nimelala ukaninong'oneza sikioni."

"Sawa, sawa. Nitamwambia. Acha tu nisugue hizi sufuria kwanza."

Hapo ndipo Mama Wakili angetakiwa kushtuka. Lakini alikuwa anachelewa.

Siku nzima maabarani alifanya kazi kwa mikono huku masikio yapo nyumbani. Aliweka chupa za damu kwenye mashine, akaandika, akapokea simu za wodini, na kila dakika alikuwa anamsikia mumewe kichwani akisema lile neno. Mara alimsikia analisema vizuri, kwa heshima. Mara alimsikia anasema "tutaangalia." Mwenzake wa meza ya pili alimuuliza mbona anasonya peke yake. "Nasonya nyumbani kwangu," alimjibu, "mwili tu ndio uko hapa."

Aliporudi alasiri akafungua mlango, moyo ukamshuka. Nyumba ilikuwa inang'aa. Sufuria zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zimesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Pazia za sebuleni zilikuwa nje kwenye kamba, zinapepea. Bafuni kulikuwa kimya: bomba lililokuwa linadondosha mara kwa mara tangu mvua za mwanzo lilikuwa limepona. Mwanaume anayesugua vifuniko vya sufuria ndani na nje ni mwanaume ambaye hajasema kitu.

"Watoto wamekula," alianza Baba Wakili, keshavaa sare ya kituo, macho yapo kwenye kitasa. "Pazia zinakauka. Bomba limepona. Mama yuko vizuri sana."

"Umemwambia?"

"Nilikuwa naelekea kumwambia, ndipo nikaziona pazia."

Mama Wakili akajiegemeza kwenye fremu ya mlango na kukunja mikono. Mumewe akasubiri. Akatazama saa. Akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Alikuwa hawezi kuondoka. Mtu haachi kituo mpaka kipokelewe, na hili lilikuwa limemwingia kwenye damu kiasi kwamba mguu ulikataa kabisa kuvuka kizingiti.

"Pokea basi, mama watoto, nachelewa."

"Nimepokea nyumba. Mama hapana."

"Huwezi kupokea nusu!"

"Nimepokea nusu. Tazama, naishi."

"Kesho," alisema, sauti imekuwa ndogo. "Kesho sina zamu, nitamwambia kwa nafasi."

"Kesho mimi pia sina zamu."

Wakatazamana kama watu waliogongana vichwa gizani. Ilikuwa haijatokea kwa muda mrefu sana, wote wawili kupumzika siku moja, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kufurahi.

Ndani, Bibi alikuwa amemweka Kijiko mapajani na begi miguuni. Lile begi halikuwa tena nusu tupu.

"Maskini mwanangu," alisema mlango ulipofungwa. "Tangu asubuhi anasugua. Mtu mzima, baba wa watu, anapanda kiti kushusha pazia! Mimi nikamwambia pumzika, akasema mama subiri nimalizie hapa. Mimi nikasema mwanangu njoo unywe chai, akaingia chini ya sinki. Nyumba imewaelemea, mkwe wangu, mimi sio kipofu sana. Nikiwapunguzia huyu mmoja mtapumua."

Kumbe huko ndiko kujificha kwa mumewe kulikowafikisha. Kila sufuria aliyoisugua kumkwepa mama yake, mama yake aliihesabu kuwa sababu nyingine ya kumchukua mtoto.

"Usafiri nimeshapata," Bibi aliendelea. "Jirani yangu analeta mzigo huku kesho. Atanipitia alasiri."

Ulimi ukauma tena.

*

Jumamosi hakuna aliyekabidhi na hakuna aliyepokea.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajaishi hivyo. Siku za kazi nyumba hii ilikuwa na mtu mmoja anayejua kila kitu: nani amekula, nani ameoga, moto umewaka lini. Siku hiyo ilikuwa na watu wazima wawili, kila mmoja akiamini kwa moyo mweupe kwamba mwenzake ndiye anayejua.

Baba Wakili alimwogesha Kijiko alipoamka tu. Baadaye kidogo Mama Wakili akamkuta sakafuni na kijiko chake, akamwinua kwa kwapa. "Nimeoga!" alipiga kelele Kijiko, lakini Kijiko husema hivyo kila siku, hata akiwa na matope masikioni. Akaogeshwa upya, analia kama anayeonewa, na safari hii kwa kweli alikuwa anaonewa.

Mkate ulikuwa umeisha. Mama Wakili alitoka kimyakimya kwenda kununua, akakuta mumewe amesimama kwenye kaunta ya duka na mkate kwapani.

"Wewe uko hapa," alisema, "nyumbani yuko nani?"

"Si wewe?"

Muuza duka aliwatazama, akaweka mkate wa pili chini ya kaunta polepole.

Nyumbani alikuwepo Bibi, bila shaka, amekaa mlangoni na wajukuu wake wawili kama askari aliyekamata ushahidi. Hakusema neno. Aliutazama mkate mmoja na watu wawili walioufuata, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Na Mama Wakili, ambaye alikuwa hajawahi kumwogopa mtu kwa sababu ya maneno yake, aliogopa ule ukimya.

Kila alipomtafuta mumewe kumkumbusha, alimkuta na kazi. Yuko nje anatundika pazia zilizokauka jana. Yuko chumbani anakaza skrubu za kitanda. Mara moja alimbana jikoni. "Bado?" Akajibu, "Nasubiri atulie." "Atulie? Ametulia kama mlima, wewe ndiye unayerukaruka!" Kijiko akaingia akitaka maji, na Baba Wakili akaponyoka kupitia hapo hapo, hata maji hakumpa.

Kisha chakula cha mchana. Bibi alionja wa kwanza. Akaweka kijiko chini taratibu kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kulipuka.

"Nani ameyaunga haya maharage?"

"Mimi," walisema mume na mke kwa pamoja.

Ilibainika kwamba Baba Wakili alitia chumvi asubuhi, akaenda kutundika pazia. Mama Wakili akaja, akaona sufuria inachemka peke yake, akatia chumvi.

"Na mimi," alisema Bibi baada ya kufikiri, "nilipita pale nikaona wote hampo, nikatia kidogo."

"Mimi sikutia," alisema Wakili. "Naomba ijulikane."

Bibi alisukuma sahani yake katikati ya meza.

"Siku za kazi nilisema labda ni uchovu," alisema. "Leo nimekaa nimewaangalia. Mko wawili, na bado hamfiki mmoja. Mimi siwalaumu, wanangu, ila mtoto siwezi kumwacha hapa. Wakili, niletee begi langu. Na kile kisweta."

Wakili hakunyanyuka. Alimtazama mama yake. Kijiko alimtazama mama yake. Kila mtu katika nyumba hii alijua mahali "hapana" inapotoka, na kweli ilikuwa imeshafika. Maneno yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi wa Mama Wakili kama watu kwenye foleni, mengine yanasukumana. Akageuka kumtazama mumewe. Mumewe alikuwa amenyoosha mkono kukusanya sahani.

Mama Wakili alichukua kijiko kikubwa cha kupakulia, akakijaza maharage, akayatia yote mdomoni.

Chumvi ilimpanda mpaka kwenye macho. Akatafuna. Kwa mkono wa kushoto akazikandamiza zile sahani mezani. Baba Wakili akazivuta. Akazikandamiza zaidi.

"Niachie nikaoshe," alisema mumewe kwa sauti ya chini.

Akatikisa kichwa, mashavu yamejaa, machozi yanamtiririka.

"Kidogo tu, halafu narudi..."

Akatikisa kichwa. Sahani zikalia. Bibi alikuwa ameshainuka mwenyewe; alilifuata begi, akalileta, akachuchumaa mbele ya Kijiko kumvalisha viatu. Alimvalisha cha kulia. Akaanza kukitafuta cha kushoto chini ya kochi, na ndipo Baba Wakili akaziachia sahani.

"Mama," alisema. "Mtoto haendi."

Bibi alibaki na mkono chini ya kochi.

"Nani amesema?" Akageuza shingo moja kwa moja kwa mkwewe.

"Huyu hajasema kitu, bibi," alishuhudia Wakili. "Mdomo umejaa."

"Nimesema mimi," alisema Baba Wakili. Sauti ilikuwa inatetemeka kama pampu iliyoingiwa na hewa, lakini ilikuwa inatoka. "Kijiko anakaa hapa. Chumvi imezidi, ni kweli. Mkate tumeufuata wawili, ni kweli. Lakini hakuna siku mtoto huyu amelala njaa au amekosa mtu. Leo ameoga mara mbili, mama. Haendi."

"Juzi ulisema tutaangalia."

"Nilikuwa nimeshaangalia. Nilikuwa naogopa kukuambia."

"Unaniogopa mimi? Nimekufanya nini?"

"Hujawahi kunifanya kitu. Ndiyo maana."

Bibi alijiinua polepole, akakaa kwenye kochi, kiatu kidogo mkononi. Alimtazama mwanawe kama anayeikagua nguo aliyoishona mwenyewe zamani na leo ndiyo anagundua mfuko asioujua.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Kwa hiyo wewe ukisema tutaangalia, huwa umekataa?"

Baba Wakili aliitazama sakafu. "Mara nyingi."

"Nilipokuambia uje nikufundishe cherehani, ukasema acha mvua ziishe?"

"Sikutaka, mama."

"Miaka yote hiyo nasubiri mvua ziishe! Na yule binti wa muuza vitambaa? Ukaniambia nipe muda nimfahamu?"

"Sikumtaka kabisa."

Mama Wakili alimeza yote kwa mkupuo mmoja. "Binti gani?"

"Ilikuwa kabla yako!"

"Na hili kochi?" Bibi alilipiga kochi kwa kiganja. "Kochi nililowaletea mlipooana, nikakuuliza umelipenda, ukasema, ukasema nini vile... ukasema litazoeleka!"

Wote wakalitazama kochi. Lilikuwa la rangi ya njano, lenye maua makubwa ya zambarau na mikono iliyopinda kama pembe za fahali.

"Na rafu ya jikoni?" aliuliza Mama Wakili polepole. "Uliyosema tuone mwisho wa mwezi?"

"Rafu nitatengeneza!"

"Lini?"

"Tutaa..." Akafunga mdomo.

Bibi akacheka kwanza, kicheko kifupi kilichomtoka puani bila ruhusa yake. Lakini hakikukaa. Alikigeuza kiatu cha Kijiko mikononi, akauvuta ulimi wa kiatu, akaulainisha kwa kidole gumba.

"Nyumba yangu kimya," alisema. "Cherehani nimeifunika shuka. Nilisema nipate japo mtu wa kunipigia kelele."

Tangu Jumatano Mama Wakili alikuwa amemwona mama huyu kama mtu aliyekuja kuwakagua. Akanyanyua kiganja kutoka kwenye sahani, akaona kimepata alama ya ukingo.

Baba Wakili alizunguka meza akakaa kwenye kochi karibu na mama yake.

"Likizo," alisema. "Shule zikifungwa uwachukue wote wawili. Nitawaleta mwenyewe. Hiyo ni ndiyo, mama. Ni ndiyo kamili."

"Likizo yote?"

"Nusu."

"Yote."

"Nusu, mama."

Hii ya pili ilitoka laini zaidi, haikutetemeka hata kidogo. Bibi alimkazia macho.

"Heee. Leo umekula nini wewe?"

"Chumvi," alisema Wakili.

*

Gari la jirani lilikuja, likapiga honi. Bibi alikuwa amenuna kiasi chake, kama ilivyotarajiwa. Alifungua begi akatoa nguo za Kijiko moja moja, akazirundika kwenye kochi bila kukunja, makusudi, huku akimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho. Kisha akawabusu wajukuu, akamshika mkwewe mkono kwa nguvu kidogo kuliko kawaida, akamwambia maharage yakizidi chumvi anaongeza maji na kutulia, sio kuyala. Kwa mwanawe alisema tu, "Nusu ya kwanza. Sio ya mwisho." Akapanda gari na begi lake jepesi.

Wakili na Kijiko walibaki nje wakilipungia mpaka likapotea, halafu wakaanza mchezo wao wenye kanuni ambazo Wakili pekee alizijua.

Mama Wakili aliingia ndani. Meza haijaondolewa. Mkate haukukatwa. Nguo zimejaa kwenye kochi kama zimemwagwa na upepo, na mumewe amekaa pembeni yake, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeteremka kutoka kwenye mtambo unaozunguka.

"Umeweza," alimwambia.

"Nimeweza."

"Haya. Nenda ukazikunje hizo nguo kabla hazijakunjamana."

"Hapana," alisema Baba Wakili.

Mama Wakili alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa hajawahi kusikia neno hilo kutoka upande huo wa chumba.

"Unasemaje?"

"Hapana. Leo hatuna zamu, wewe wala mimi. Njoo ukae."

Alifungua mdomo. Kulikuwa na sahani zilizogandamana na maharage yanayohitaji kuokolewa, na mtu wa kumjibu alikuwa mbele yake. Lakini alimwangalia usoni, akaona hajavaa ule uso wa huruma hata kidogo, na akajikuta anazisukuma nguo kwa kiwiko na kukaa. Kochi likalia chini yao.

"Kwa hiyo hujawahi kulipenda," alisema.

"Hata siku moja."

"Mimi nilidhani wewe unalipenda! Nimelipangusa miaka yote hii kwa ajili yako!"

Wakacheka mpaka Kijiko akachungulia mlangoni kuona kuna nini, akaona ni wao tu, akarudi kwenye mchezo. Mama Wakili alijifuta macho kwa kisoksi kilichokuwa karibu. Kisha ile furaha ikaanza kupunguka usoni pake.

"Baba Wakili."

"Naam."

"Na mchuzi wangu wa samaki?"

Baba Wakili alitazama dari. Aliitazama kwa muda mrefu, upande mmoja hadi mwingine, kama anayetafuta mahali panapovuja.

"Sema," alisema mkewe. "Nimekaa."